Nusu Mkate Kwenye Msumari

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Mwalimu Polikseni hutundika nusu ya mkate kwenye msumari. Msumari wenyewe umepigiliwa kwenye nguzo ya umeme karibu na mapipa ya taka ya mtaa wetu, na umeinama kwa kuzoea uzito. Mkate huwa ni wa jana. Huutia ndani ya mfuko wa plastiki na kuufunga fundo legevu, ili anayeuchukua asipate taabu.

Huku Kuçovë, mji wetu mdogo wa Albania, hakuna mtu anayetupa mkate pamoja na taka. Hata mlevi akikuta kipande njiani atakiokota, atakibusu na kukiweka juu ya ukuta. Kwa hiyo msumari ule ni wa mtaa mzima. Lakini sisi wengine hutundika masalia ya wiki, makavu kama matofali, tukayasahau. Yeye hutundika nusu kamili, iliyokatwa kwa kisu, na hutundika kila siku. Akishamaliza huvuka barabara hadi kwa Vito muuza mkate, akanunua mkate mwingine mzima.

Vito huuza nusu pia. Ana kisu kirefu, na wazee waliobaki peke yao huinama mbele ya dirisha lake na kusema kwa sauti ndogo, "Nipe nusu." Vito si mtu mbaya, ila ana sauti ya mnada. "Nusu tu leo, bibi? Kwani na yule mdogo ameshaondoka?" Foleni yote inasikia, na kufikia jioni watu wanaotembea barabara kuu, kama tunavyotembea sote jioni kabla ya chakula, wanajua kwamba nyumba fulani nayo imebaki na mtu mmoja. Polikseni hajawahi kuomba nusu.

Mimi naishi katika jengo lake, chini ya sakafu yake. Nimekua nikisikia kiti chake kikiburutwa juu ya kichwa changu: kiti kimoja, asubuhi na jioni. Mwaka ninaousimulia nilikuwa namaliza chuo huko Elbasan, nikapelekwa kufanya mazoezi ya ualimu katika shule ya sekondari ya mji wetu. Nilipangiwa darasa lake. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na kabati la ramani, na sikumbuki kama wanafunzi waliwahi kuisikia sauti yangu.

Alikuwa mwalimu wa hisabati maisha yake yote, lakini somo nililopelekwa kulitazama lilikuwa jingine. Lilikuwa somo la hiari, kipindi cha mwisho siku ya Jumatano, wakati matumbo yanaponguruma. Liliitwa Pesa Yangu. Alikuwa ameliomba yeye mwenyewe kwa mkuu wa shule, Bwana Vangjel, ambaye alimpa kwa sababu hakuna mwalimu mwingine aliyetaka saa ile. Kila kipindi alianza kwa kuandika ubaoni maneno yale yale, juu kabisa, kwa herufi kubwa: INATOKA WAPI? Kisha akachora mstari chini yake, na hesabu yoyote ya siku ile ikafanywa chini ya mstari huo.

"Rigers," alisema siku yangu ya kwanza, "bei ya mkate."

Rigers alikuwa kijana mrefu aliyekaa kana kwamba kiti kilikuwa cha kuazima. "Elfu moja, Mwalimu."

"Mia moja."

"Mimi nasema elfu moja, Vito anasema elfu moja, bibi yangu anasema elfu moja. Ni wewe na benki tu mnaosema mia."

Leki, pesa yetu, ilikatwa sifuri moja kabla hata mama zao hawajazaliwa, lakini sifuri ile haijatoka midomoni mwa watu mpaka leo. Mtoto hujifunza bei sokoni pamoja na sifuri ya marehemu.

"Ile sifuri ni ya bibi yako," alisema Polikseni, akaifuta kwa kidole. "Mwachie mwenyewe. Siku ukienda kukopa benki, watakuandikia bila sifuri na wewe utasikia na sifuri, kisha utakuja kwangu unalia."

"Nitalia kwa elfu kumi, Mwalimu."

"Utalia kwa elfu moja."

Darasa likacheka, naye akatabasamu kidogo akiwa ameelekea ubao. Nilikuwa nimeishi chini yake miaka yote ile na sikujua kwamba anaweza kutania.

Aliwapa kazi ya kuandika mapato na matumizi ya mwezi ya nyumba zao. Waliporudisha, alisoma karatasi mbili tatu, akavua miwani.

"Mbona nyote mmeandika mjomba?"

Alinyanyua karatasi ya kwanza.

"Hapa: mshahara wa baba, mjomba wa Ujerumani. Hapa: pensheni ya babu, shangazi wa Ugiriki. Hapa hakuna mshahara kabisa, kuna mjomba tu. Watoto wangu, mjomba si mshahara."

"Kwetu ni mshahara," Rigers alisema. "Tena hauchelewi kama wa baba."

"Na mjomba akioa?"

"Ameshaoa."

"Akijenga?"

Hapo Rigers aliinamia daftari lake, kwa sababu mjomba wake kweli alikuwa anajenga, na mtaa mzima ulijua.

Ndipo Polikseni akawaambia kwamba Jumatano ijayo watapiga hesabu ya mtu anayeishi peke yake. Walimtazama kama amewaambia wapime uzito wa moshi.

"Nani anaishi peke yake, Mwalimu?" aliuliza msichana wa mbele. "Mlinzi wa makaburi?"

"Hata yeye ana mbuzi," mwingine alijibu.

Polikseni aligeukia ubao. Aliandika polepole, kwa mwandiko ule ule wa bei za nyanya: Mwanamke. Ana mshahara wa serikali, pensheni iko karibu. Anaishi peke yake katika nyumba yake mwenyewe, ghorofani. Mwanawe yuko Italia. Mwana anataka mama auze nyumba, ahamie kwake, awalee wajukuu. Aende au abaki?

"Anaitwa nani?" aliuliza Rigers.

"Haitwi. Ni hesabu."

"Kila mtu ana jina. Tumwite Bi Kikombe, kwa kuwa ana kikombe kimoja."

"Ana vikombe sita," alisema mwalimu.

"Vya nini, kama yuko peke yake?"

"Vya wageni."

"Wageni gani?"

Chaki ilikatika mkononi mwake. Aliokota kipande, akaandika mapato ya Bi Kikombe, bila sifuri ya bibi yeyote.

Mimi nyuma, karibu na ramani, masikio yaliniwaka. Nilijua. Jengo letu lina kuta nyembamba, na akina mama wote wanaozungumza na Italia kwa simu hupaza sauti kana kwamba wanaita kutoka ng'ambo ya mto. Tangu baridi ilipoanza nilikuwa nimemsikia kila Jumapili. "Sijasema hapana, Andon. Nasema nitapiga hesabu. Kabla ya Pasaka nitakujibu, na hesabu itakavyosema ndivyo nitakavyofanya. Ndiyo, mwanangu. Neno langu." Mwanawe alikuwa amepata mnunuzi wa nyumba, na mnunuzi hangengoja baada ya Pasaka. Na sasa mama mtu alikuwa ameipeleka hesabu ile kwa watoto, kwa sababu, nadhani, hakutaka kuipiga mwenyewe.

Kwa nini hakutaka, nilielewa kupitia kwa mama yangu. Jioni ile nilimsimulia habari za Bi Kikombe tukiwa tunamenya vitunguu. Aliacha kisu.

"Poli hapigi hesabu za nyumba," alisema. "Ameacha tangu ule mwaka."

Ule mwaka kwetu hauhitaji namba. Ni mwaka ambao makampuni ya riba yalianguka pamoja na akiba za watu. Kabla ya kuanguka, watu walikuwa wameuza ng'ombe, mashamba, hata nyumba walizolala ndani yake, wakapeleka pesa kwenye madirisha ya makampuni yale, na kila mwezi riba ilirudi mikononi kama maziwa ya mbuzi asiyekauka. Polikseni alikuwa mwalimu kijana wa hisabati, mwenye mume na mtoto mdogo. Majirani walimletea karatasi zao. Jiko lake, mama alisema, lilikuwa limejaa watu kila alasiri, vikombe vyote sita vinatumika na vingine vimeazimwa. Alipiga hesabu ya kila mtu kwa uangalifu: ukiweka hiki, baada ya miezi fulani utakuwa na hiki. Na kila mara alisema, "Hesabu inatoka." Ilikuwa inatoka kweli. Hakuna alipokosea hata tarakimu moja. Kitu ambacho hakuuliza, wala yeyote katika jiko lile hakuuliza, ni pesa zile zilikuwa zinatoka wapi; zilikuwa za wale waliofuata kuweka.

"Na nyinyi mlimlaumu?"

"Nani amlaumu? Yeye naye aliweka. Aliuza shamba la mama yake." Mama alichukua tena kisu. "Hatukumlaumu hata kidogo. Ila kahawa ndiyo hatukwenda tena kunywa. Mtu unapanda ngazi, unamwona usoni, unakumbuka. Basi unashuka."

Mumewe, Llazar, alikwenda Ugiriki kwa miguu kupitia milimani ili arudishe kilichopotea. Alirudisha kidogo, kisha akaacha kurudi. Andon alikua, naye akaondoka. Vikombe vikabaki sita.

Jumatano iliyofuata mvua ilinyesha, na pampu kuukuu za visima vya mafuta zilizo nyuma ya shule ziliendelea kuinamisha vichwa vyao ndani ya matope. Polikseni alisimama karibu na dirisha na kuwapa matumizi ya Bi Kikombe jinsi walivyoyauliza. Kuni za jiko. Umeme. Dawa ya shinikizo la damu. Zawadi za harusi, kwa sababu hata mtu wa peke yake hualikwa. Kahawa.

"Kahawa nyingi hii," alisema msichana wa mbele.

"Ya akiba."

"Na mkate?" aliuliza Rigers, aliyekuwa ubaoni na chaki.

"Mmoja kwa siku."

"Mzima?" Aligeuka akiwa ameachama. "Bi Kikombe anakula mkate mzima peke yake? Huyu ana minyoo, Mwalimu!"

Walicheka mpaka mmoja akapiga meza.

"Hali wote," alisema Polikseni. "Nusu inabaki."

"Anaifanyia nini?"

"Anaitundika."

Kando ya dirisha alikaa Sidorela, msichana mkimya ambaye nywele zake zilinuka moshi wa kuni. Familia yake iliishi kwenye vijumba vilivyo nyuma ya pampu, nao walikuwa na kuku. Tangu alipokuwa shule ya msingi alikuwa akipita kwenye msumari wetu asubuhi, akachukua mfuko na kuupeleka kwa kuku wa bibi yake. Wote tulimwona na hakuna aliyeona ajabu. Yeye mwenyewe hakuwahi kujua nani huutundika, kwa sababu mkate wa msumari hauna mwenyewe, na mtu mwenye adabu haulizi.

Alinyanyua kichwa. Alimtazama mwalimu, akatazama mikono yake iliyokuwa imeshikana mbele ya sketi, kisha akainamisha kichwa juu ya karatasi yake kana kwamba ameitwa jina la aibu.

"Basi hapo pana upotevu," Rigers aliendelea, kwa furaha ya mtu aliyegundua. "Anunue nusu. Nusu kwa mwezi mzima, mara kumi na mbili, tazameni jinsi inavyokua! Mwambieni Bi Kikombe, mama, nunua nusu, acha maringo."

"Nyamaza, Rigers," alisema Sidorela.

"Nini?"

"Nimekwambia nyamaza."

"Hee! Kwani Bi Kikombe ni shangazi yako?"

Sidorela alianza kulia, bila sauti, akijifuta kwa mkono wa sweta. Rigers alibaki na chaki hewani. Alimtazama Sidorela, akageuka kumtazama mwalimu, na nikaona jambo lile likimwingia taratibu, kutoka masikioni kwenda shingoni, mpaka shingo yote ikawa nyekundu. Darasa zima likainamia karatasi zake.

"Endelea, Rigers," alisema Polikseni kwa sauti ya kawaida. "Hujamaliza upande wa pili. Akienda Italia."

"Mwalimu, si lazima..."

"Ni lazima. Hesabu haiachwi katikati."

Wakamaliza. Waliweka bei ya nyumba, wakaweka matumizi ambayo hangekuwa nayo tena akiishi kwa mwana: hakuna kuni, hakuna umeme, hakuna mkate wa kununua. Waliweka pensheni ambayo ingemfuata huko. Waliuliza mambo ambayo mimi nisingefikiria, hata nauli ya kurudi kwa mazishi ya ndugu. Alikuwa amewafundisha vizuri. Mwishoni namba mbili zilisimama ubaoni bega kwa bega, na hakuna aliyehitaji kuambiwa ipi ni kubwa.

"Andika jibu," alisema.

Rigers aliandika, kwa herufi ndogo kuliko zake za siku zote: Aende.

"Mmekagua?"

"Tumekagua, Mwalimu."

"Mara mbili?"

"Mara mbili."

"Basi hesabu inatoka." Alisema hivyo, kisha akatulia kama mtu aliyesikia mtu mwingine akisema. Akawapa wote alama kumi kwa kumi. Wanafunzi walikusanya mikoba bila kelele. Rigers alichelewa mlangoni.

"Mwalimu, hatuwezi kumwongezea kitu kwenye mapato? Upande wa kubaki."

"Kitu gani?"

"Sijui. Ndiyo nauliza."

Alimwonyesha maneno yaliyo juu ya ubao, juu ya mstari. "Kama hujui kinatoka wapi, hakiingii."

Rigers alitikisa kichwa na kwenda zake. Mimi nilifuta ubao, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi pekee niliyoimudu. Sikulifuta lile neno la mwisho mpaka yeye aliponiambia, "Futa tu, binti. Nimeshaliona."

Juma lile Bwana Vangjel alimwita ofisini. Somo la hiari linahitaji wanafunzi wa kutosha kujiandikisha kwa mwaka unaofuata, na hawakutosha. Hawakulichukia somo. Walikuwa wanaondoka tu. Msichana wa mbele alikuwa anahamia Ujerumani na wazazi wake, kaka wawili waliokaa katikati walikuwa wanamfuata baba yao, na wadogo wa kuwajazia nafasi hawakuwepo. Nilikuwa ukumbini nikasikia sauti ya Bwana Vangjel, yenye huruma ya kweli.

"Mwalimu Polikseni, mimi na wewe tunazeeka na madawati. Utabaki na hisabati yako hadi pensheni. Au ndiyo unatuacha? Nasikia Andon amepata mnunuzi."

"Unasikia mengi, Bwana Mkuu."

"Mji mdogo."

"Ndiyo," alisema. "Na unazidi kuwa mdogo."

Jumapili kabla ya Pasaka nilisikia miguu ikipanda ngazi, miepesi, isiyo ya jengo letu. Ikapita mlango wetu. Nilifungua kidogo. Sidorela alikuwa amesimama mbele ya mlango wa Polikseni, ameshika mfuko wa plastiki ninaoujua, ule wa fundo legevu, na ndani yake mlikuwa na mayai yaliyofungwa katika gazeti.

"Bibi amesema chombo hakirudi kitupu," alisema mlango ulipofunguka. Alisema haraka, kama mtu anayekariri. "Amesema tusamehe, hatukujua ni cha nani. Miaka yote hii."

"Mfuko si chombo, mwanangu."

"Kwa bibi ni chombo."

Polikseni aliupokea kwa mikono miwili. Sidorela na watu wake si Wakristo, lakini mtoto yeyote wa Kuçovë anajua kwamba juma lile mayai hutafutwa ili yapakwe rangi nyekundu ya Pasaka.

"Ingia. Nitaweka kahawa. Au juisi, nina juisi."

"Siwezi, Mwalimu. Bibi ananingoja, na kuku hawajafungiwa."

"Basi siku nyingine."

"Siku nyingine," alisema Sidorela, akashuka mbio. Polikseni alibaki mlangoni muda mrefu kuliko inavyohitajika kumwona mtu akishuka ngazi. Kisha nikasikia kiti kikiburutwa, kile kile kimoja.

Baadaye mchana ule simu iliita. Nilimsikia akipaza sauti kama kawaida: "Andon! Habari za watoto? Mdogo ameacha kukohoa?" Nikamsikia akisema kwa sauti kubwa ile ile, "Hapana, Andon." Baada ya hapo, kwa mara ya kwanza katika maisha yangu chini ya sakafu ile, aliongea na Italia kwa sauti ya chini, na sikusikia kitu zaidi. Mazungumzo yalikuwa marefu. Nilidhani yamekwisha, kumbe alikuwa anasikiliza.

Siku ya Pasaka aligonga kwetu. Alikuwa na sahani yenye mayai mekundu, ameyang'arisha kwa mafuta kidogo. Mama yangu alimsalimia kwa salamu ya sikukuu, wakagonganisha yai kwa yai kama watoto, na yai la mama likavunjika.

"Umenishinda, Poli."

"La kuku wa nyuma ya pampu," alisema Polikseni. "Wana maganda magumu. Wanakula vizuri."

Mama alicheka. Alikuwa amesimama katikati ya mlango, mkono kwenye fremu, na nilimwona anataka kusema jambo, na Polikseni akiona kwamba anataka. Lakini jikoni kwetu mlikuwa na shangazi zangu waliotoka Berat, sufuria zilikuwa zinafurika, na mama alisema tu, "Nitakurudishia sahani." Polikseni akapanda.

Sahani haikuweza kurudi tupu. Siku iliyofuata mama aliijaza vibiskuti vya sukari, akaishika mbele ya dirisha, akaigeuza, akaiweka mezani, akaishika tena. Mwishowe akanipa mimi.

"Peleka wewe. Mwambie nitapanda, magoti yakitulia."

Mama hana maradhi ya magoti.

Nilipanda. Sikuwahi kuingia katika jiko lile, ingawa limekaa juu ya letu na lina umbo lile lile, dirisha lile lile linalotazama pampu na, siku za mwanga, mlima Tomorr. Mezani palikuwa na mkate, mzima, na kisu pembeni yake. Viti vitano vilikuwa vimesogezwa vizuri chini ya meza na cha sita kimevutwa. Kwenye kulabu zilining'inia vikombe sita. Alishusha viwili. Alivisuuza vyote viwili, ingawa kimoja kilihitaji kusuuzwa kuliko kingine.

Alichemsha kahawa, tukanywa. Alinionyesha picha ya wajukuu kwenye simu, wamevaa makofia makubwa. Aliniuliza kama nitaomba kazi katika shule yetu, nikasema sijui, akasema, "Ndiyo, hakuna anayejua." Kahawa yake ilikuwa nzuri. Ilikuwa kahawa ya mtu ambaye hakuacha kununua ile ya wageni. Nje mtu alipita akiwapungia waliokuwa barabarani, watu wa sikukuu, na sauti zao zilipanda hadi dirishani na kushuka tena.

Tangu Jumapili ile ya simu nilikuwa na swali moja. Nilikuwa nimelibeba darasani na nyumbani, na nilidhani jibu lake nalijua tayari. Nilidhani ni mayai. Nilidhani ni Sidorela, au msumari, au mama yangu na magoti yake, kitu ambacho watoto walisahau kukiweka upande wa kubaki. Nilitaka anitajie kilikuwa kipi. Nilisubiri mpaka kahawa ilipobaki tope chini ya kikombe, kisha nikauliza.

"Mwalimu, ile hesabu ya darasa ilikosea wapi?"

Alikifunika kikombe chake kwa kisahani.

"Haikukosea popote," alisema. "Ilisema niende. Mimi sikutaka kwenda."